Kwani Huko Mmekosa Kitoweo?

Mwezi wa Agosti mmoja wetu alimpigia simu mama yake aliyeko Muheza, na katika mazungumzo akamdokezea kwamba msimu huu sisi marafiki wanne tunajiandaa kwenda kuwinda ndege porini kwa mara ya kwanza. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, kwani huko mmekosa kitoweo?" Akajibiwa kwamba la, kitoweo kipo tele. "Basi huyo ndege amewakosea nini?"

Tangu siku hiyo maandalizi yetu hayajawa yale yale. Tulikuwa tumeshapanga mambo mengi: ramani, viatu, leseni, mbwa. Swali la mama halikuwamo katika orodha, na tulipojaribu kuliingiza tuliona kwamba linagusa kila kilichokuwa kimeandikwa humo. Tumeona ni vyema tuwashirikishe wasomaji wa jarida hili namna tulivyolijadili, kwa kuwa wengi wenu huku ughaibuni mmekwisha kualikwa na majirani au wafanyakazi wenzenu kwenda kuwinda, na pengine mlikubali au kukataa haraka haraka bila kulifikiri jambo lenyewe.

Kwanza tujitambulishe. Sisi ni wanne, tunaishi Minnesota, na sote tumevuka miaka hamsini. Wawili ni Watanzania, wahandisi, tuliokuja kuchukua shahada huku Marekani tukabaki. Wa tatu ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa. Wa nne ni mwenyeji wa Bukavu, dereva wa basi la shule. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwinda kwa bunduki. Safari hii ilianza kwa sababu ya mbwa. Mzee mmoja Mmarekani, jirani yetu, magoti yalimshinda akawa hawezi tena kutembea kwenye nyasi ndefu, akatuomba tumchukue spanieli wake, jike la miaka minne lenye mabaka ya kahawia na meupe. Tukambadili jina tukamwita Karanga. Mzee alitupa sharti moja tu, kwamba mbwa huyu asikae bure. Kazi yake ni fesanti.

Kwa wasiomjua, fesanti ni ndege wa jamii moja na kwale na kuku. Jogoo wake ana kichwa cha kijani kinachong'aa, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu wenye milia. Jike ni la rangi ya nyasi kavu, halina madaha. Ndege huyu si wa Marekani. Asili yake ni Asia, na waliostawi huku kwanza waliletwa kutoka China na Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai. Wengi wa shehena ya kwanza ya mwaka 1881 walikufa njiani. Wale wa mwaka 1882 waliachiwa katika jimbo la Oregon wakazaana. Leo wapo katika majimbo mengi ya mashamba, nasi tulicheka tulipogundua kwamba tunakwenda kumtafuta mhamiaji mwenzetu.

Mbwa wa namna ya Karanga hasimami akaonyesha kidole, kama wafanyavyo mbwa wa aina nyingine ambao huganda mahali ndege alipojificha. Yeye hunusa, huingia kichakani na kumkurupusha ndege. Kwa hiyo lazima afanye kazi karibu na mwindaji, ndani ya hatua thelathini hivi. Akitangulia mbali, ndege ataruka mahali ambapo bunduki haifiki, au inafika vibaya. Fesanti naye ni mjanja, hupenda kukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Mbwa akimbana, huchomoka kwa kishindo cha mabawa, na jogoo hupiga kelele kana kwamba amekanyagwa. Tangu hapo una sekunde mbili au tatu. Ndani ya sekunde hizo inabidi ujue ni jogoo au jike, mbwa yuko wapi, mwenzako yuko wapi, na umbali ni kiasi gani. Tafadhali zikumbukeni sekunde hizo, maana tutazirudia.

Sasa turudi kwa mama. Jibu letu la kwanza lilikuwa kwamba tunafuata sheria. Na kweli sheria zipo, tena ni vizuri msomaji azijue. Raia na mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuwa na bunduki ya kuwindia; aliyeko kwa viza ya muda amekatazwa isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji; asiye na karatasi asiiguse kabisa. Hapa Minnesota kila aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki kabla ya kununua leseni. Sisi tulizaliwa kabla ya hapo, lakini tuliona aibu kujificha nyuma ya umri wetu, tukaenda kukaa darasani na watoto wa miaka kumi na miwili. Tumenunua leseni na stempu ya fesanti. Tumeshona vizibao vya rangi ya chungwa kali, ili mtu asidhaniwe kuwa kitu kingine. Tunajua kwamba majogoo tu ndio wanaoruhusiwa, wawili kwa kila mwindaji kwa siku hadi mwisho wa Novemba, na kwamba shamba la mtu haliingiwi bila ruhusa hata kama halina kibao cha kukataza.

Yote hayo ni kweli, na hayajibu kitu. Leseni inajibu swali la askari wa wanyamapori atakayetusimamisha barabarani. Mama wa Muheza hakuuliza kama tumeruhusiwa.

Isitoshe, sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna sababu ya kutolipa neno "leseni" uzito kupita kiasi. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri katika koloni la Wajerumani kwamba mwindaji awe na leseni. Tangu zama hizo za ukoloni, babu aliyetega kanga kwa kitanzi ili watoto wapate mchuzi alianza kuitwa jangili, na mgeni aliyelipa fedha ili apeleke pembe Ulaya akaitwa mwindaji. Sheria ilimtenga mwenye njaa na mwenye starehe, ikampa haki mwenye starehe. Leo sisi, wajukuu wa yule mwenye kitanzi, tumesimama upande wa pili wa kaunta tukiwa na kadi ya benki mkononi. Hatukuweza kuliona hilo bila kutabasamu, wala bila kuona haya.

Jibu la pili tulilijenga kihandisi, kwa hesabu. Jogoo mmoja hupanda majike kadhaa, kwa hiyo kupunguza majogoo msimu wa kiangazi kikiisha hakupunguzi vifaranga vya mwaka unaofuata. Kinachowamaliza fesanti ni majira ya baridi makali na kukosa nyasi za kutagia, na wengi wao hawafikishi mwaka wa pili hata kama hakuna mwindaji. Zaidi ya hayo, fedha za wawindaji ndizo zinazonunua nyasi hizo. Tangu mwaka 1937 sheria ya taifa imeelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyamapori, na stempu ya fesanti ya Minnesota, iliyoanza mwaka 1983, ni kwa ajili ya makazi ya ndege huyu. Katika nyasi hizo hukaa pia ndege wadogo, vipepeo na nyuki ambao hakuna anayewawinda.

Hesabu hii ni sahihi, na tuliipenda. Lakini ndugu yetu wa Bukavu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo inaeleza kwa nini fesanti hawataisha. Haielezi kwa nini mumuue huyu mmoja." Na ni kweli. Tungeweza kulipa hiyo kodi, tukanunua stempu, tukabaki nyumbani.

Jibu la tatu lilitoka kwake mwenyewe, ingawa yeye hakulitoa kama jibu. Alipofika nchi hii, kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha bata mzinga. Minnesota inaongoza Marekani nzima kwa ufugaji wa ndege hao, na wengi wa wanaosimama kwenye mistari ya viwanda hivyo ni wageni kama sisi. Kazi yake ilikuwa kuwaning'iniza bata mzinga walio hai kwa miguu kwenye vyuma vinavyotembea. Alifanya hivyo mwaka mzima, zamu kwa zamu. "Siku zote hizo," alisema, "hakuna mtu aliyenipigia simu kuniuliza huyo ndege amekukosea nini."

Tulikaa kimya. Sote tulikuwa tumekula bata mzinga, tena kwa shukrani. Hapo tuliona kwamba swali la mama halikuwa letu peke yetu kwa sababu tu tumeshika bunduki. Kila mla nyama anadaiwa jibu hilo; tofauti ni kwamba mnunuzi amemlipa mtu mwingine, mara nyingi mtu maskini, amjibie. Kule Muheza mama anayeuliza huchinjiwa kuku uani, anamwona, anamjua, na kuku yule ni wa mgeni au wa sikukuu. Pengine ndiyo sababu ameweza kuuliza. Sisi tulioishi miaka thelathini na trei za plastiki tulikuwa tumesahau kwamba kuna swali.

Lakini tusijidanganye kwamba hapo tumemaliza. Mtu anaweza kusema: kama kula nyama kunadai jibu, basi acha nyama, usiongeze mauaji mengine juu yake. Hoja hii ni nzito, na anayeishi kwa kuifuata tunamheshimu. Sisi hatujafika huko. Tunachoweza kusema kwa unyoofu ni kwamba tunataka, walau mara moja kwa mwaka, kulipa wenyewe gharama ya chakula tunachokula: kutembea, kuchoka, kuona, kunyonyoa na kupika. Wala hatutaki kuita jambo hilo mchezo. Kwa Kiingereza uwindaji wa ndege huhesabiwa miongoni mwa michezo, lakini mtu wa kwetu akiaga kwamba anakwenda kucheza, kisha akarudi na damu mikononi, tutamtazama mara mbili.

Kwa sababu hiyo tulikataa njia rahisi. Yapo mashamba ya kulipia, ambako fesanti waliofugwa bandani huachiwa kwenye majani kabla ya mteja kufika. Mteja anajua idadi kabla hajafunga kamba za viatu, na kila kitu kimepangwa na wengine, pamoja na mbwa. Hatuwalaumu wanaokwenda huko. Baadhi ni wazee au wagonjwa. Ila kwetu sisi, kulipa ili ndege awepo mbele yetu kungekuwa kununua trei ile ile, yenye manyoya tu. Tumechagua kwenda wenyewe katika kaunti ya Lac qui Parle, magharibi mwa Minnesota, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari, kwenye ardhi ya umma, ambako inawezekana kabisa kutembea kutwa na kurudi na mabua kwenye soksi tu.

Ardhi hiyo ya umma nayo ina historia yake. Jina Lac qui Parle ni la Kifaransa, ziwa linalosema, nao Wafaransa walilitafsiri kutoka kwa Wadakota. Baada ya vita vya mwaka 1862, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1863 ya kuwafukuza Wadakota kutoka Minnesota. Baadhi walirudi, na jamii yao ipo hadi leo karibu na mji wa Granite Falls. Tunapokwenda na kadi yetu kwenye ardhi ya "kila mtu", ni adabu kujua ilipataje kuwa ya kila mtu.

Basi tukarudi kwenye zile sekunde mbili au tatu. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Mwezi wa Juni, katika visahani ishirini na vitano, aliyebahatika kati yetu alivunja tisa. Sasa tunafikia kumi na saba. Mwalimu alitupongeza, lakini muuguzi wetu akauliza, "Vile vilivyomeguka pembeni tu, vikaendelea kuruka, tunavihesabu wapi?" Kisahani kilichomeguka ni alama tu. Ndege aliyemeguka ni kiumbe anayekwenda kufa polepole kwenye mafunjo, pasipo mtu kumwona. Hilo ndilo lililotutia hofu kuliko lolote, na tukatambua kwamba ndani ya sekunde mbili hakuna anayefikiri. Atakachofanya mtu hapo ni kile alichokwisha kuamua nyumbani. Kwa hiyo, kama kuna wema wowote katika jambo hili, mahali pake ni mezani, wiki kadhaa kabla ndege hajaruka.

Tuliandika masharti matano, na kila mmoja ametia sahihi. La kwanza, hakuna kupiga zaidi ya hatua thelathini, hata kama bunduki inafika; mhandisi hapakii daraja hadi kilo ya mwisho. La pili, hakuna kupiga ndege aliye chini au anayeruka chini ya kimo cha mtu, kwa ajili ya mbwa na wenzetu. La tatu, asiye na hakika kwamba ni jogoo aseme moyoni kwamba ni jike. La nne, ndege akianguka, bunduki zote zinafunguliwa na kutolewa risasi, na hakuna anayepiga tena hadi huyo apatikane. Asipopatikana, anahesabiwa katika wawili wa aliyempiga. La tano, kila atakayeletwa ataliwa, shingo na maini pamoja, na hakuna picha ya kushikilia mzoga.

Kuhusu risasi zenyewe, lugha yetu imetoa jina moja kwa madini na kwa kitu kinachoua. Lakini kwenye ardhi ya serikali kuu iliyotengwa kwa ndege wa majini, ambayo baadhi yake tutapita, madini ya risasi yamekatazwa. Sharti marisawa yawe ya chuma au kitu kingine kisicho na sumu, maana bata humeza punje hizo wakidhani ni changarawe. Sisi tumenunua ya chuma kwa safari nzima, ili tusiwe na mfuko wa huku na mfuko wa kule.

Ndugu yetu wa Mombasa ana mambo yake ya dini, nasi tumeyapanga pamoja naye. Atataja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kupiga, atakuwa na kisu kikali, na ndege atakayekutwa hai atamchinja yeye. Atakayekutwa amekwisha kufa, yeye ameamua kujiepusha naye, tutamla sisi wengine. Karanga hataingia na vyombo katika gari moja, na mate yake yataoshwa kama alivyofundishwa chuoni. Hakuna aliyelalamika. Mwenye sharti zaidi ametufanya sote tuwe waangalifu zaidi.

Ndugu yetu wa Bukavu hatabeba bunduki. "Bunduki nilishaziona," alisema, "zinatosha." Tulidhani ameacha kuja, tukaanza kumbembeleza. Kumbe alikwisha kuamua kuja, ila kwa kazi nyingine: yeye ndiye mwenye mbwa. Amekuwa akimfundisha Karanga tangu Mei, kila jioni baada ya kuegesha basi, kwa filimbi: mlio mmoja simama, miwili geuka. Siku ya safari yeye atatembea katikati akiwa na filimbi na fimbo, na yeye ndiye atakayemtafuta aliyeanguka. Tumemwongezea jukumu moja. Katika kazi zetu za ujenzi, mkandarasi hajikagui mwenyewe. Basi yeye, asiye na bunduki, ndiye mkaguzi. Akipuliza filimbi mara tatu, uwindaji umekwisha kwa siku hiyo, hata ikiwa saa nne asubuhi, wala hatadaiwa sababu.

Tulipomaliza kuandika hayo, yule wa Muheza alimpigia tena mama yake, akamsomea yote, sharti baada ya sharti. Mama alisikiliza. Alicheka kidogo aliposikia habari za mbwa mwenye ratiba. Mwishowe akasema kwamba hajaambiwa bado ndege amewakosea nini. Mwanawe akamjibu, "Hajatukosea, mama." Mama akasema, "Haya. Basi mkumbuke hivyo mkiwa huko."

Sharti hilo la sita tumeliandika chini ya yale matano. Tutaondoka katikati ya Oktoba, siku ya pili ya msimu, ili siku ya kwanza wapite wenye haraka. Kwa sheria tunaanza saa tatu asubuhi. Mchele wa pilau umekwisha kununuliwa, na kwa kuwa hatuna uhakika wa ndege, mke wa mmoja wetu ameweka na maharage. Wasomaji wenye mawazo tofauti, hasa wale wanaoona tumekosea tangu mwanzo, tunawaomba watuandikie. Toleo lijalo tutaeleza yaliyotupata, hata kama ni maharage.